Jela na Walinzi Wake

Watu wengi wakisikia neno jela hufikiri ukuta mrefu, mlango wa chuma na kufuli. Hudhani ya kuwa vitu hivi vitatu vikiwapo, basi jela imekamilika, na raia aliye nje aweza kulala usingizi wake bila ya hofu. Sisi watu wa pwani tuliizoea fikira hii kwa miaka mingi, maana Ngome ya Mombasa iliyojengwa na Wareno ilifanywa jela tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958, na nani aliyepita chini ya kuta zile akazitilia shaka nguvu zake?

Lakini ukuta haumjui aliye ndani yake. Ukuta hausikii mtu akilia usiku, wala haumwoni kijana akinyang'anywa chakula chake, wala haumfundishi mjinga kusoma. Kazi zote hizi hufanywa na binadamu, naye ni askari wa jela. Akikosekana yeye, ukuta hubaki ukuta, na yaliyomo ndani huharibika kama chakula kilichofungiwa kabatini.

Mwezi huu twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya uchache wa askari katika jela, na madhara yatokanayo nao. Huenda mtu akasema: "Hilo latuhusu nini sisi tuliomo majumbani mwetu na watoto wetu?" Latuhusu, tena sana. Wengi wa waingiao jela ni vijana waliotoka katika nyumba kama hizi zetu, na takriban wote siku moja watatoka na kurudi mitaani tunamokaa sisi. Hali watakayorudi nayo yategemea sana ni nani aliyekuwa pamoja nao huko ndani.

Hebu tuitazame siku moja ya jela. Asubuhi wafungwa huhesabiwa, kisha milango hufunguliwa. Huyu ana ahadi na daktari, yule aenda darasani, wengine waenda karakana kujifunza useremala, mwingine mkewe amekuja kumtazama, na siku ya Ijumaa Waislamu waenda kuswali. Kila mwendo mmoja katika hii wataka askari wa kuwatoa watu, wa kuwasimamia, na wa kuwarejesha. Askari wakiwa kamili, mambo huenda. Wakiwa pungufu, mkubwa wa jela huitazama hesabu yake na kuanza kufuta. Hafuti chakula, kwa sababu watu watakufa. Hafuti kuhesabu, kwa sababu mmoja aweza kutoroka. Hufuta darasa. Hufuta karakana. Hufuta maktaba. Hufuta ile saa ya kutoka nje kupunga upepo. Mlango hubaki umefungwa, na watu wawili hukaa ndani ya chumba kilichojengwa kwa ajili ya mtu mmoja, saa 22 au 23 katika saa 24 za mchana na usiku.

Tazameni basi, wasomaji wetu: kitu cha kwanza kupotea askari wanapopungua ni yale matengenezo ya tabia ambayo kwa ajili yake tunaambiwa ya kuwa jela ni chuo cha kumrudi mkosaji. Na kitu cha pili hufuata nyuma yake, nacho ni amani.

Tumechagua mfano wa Uingereza, kwa sababu mbili. Ya kwanza, serikali ya huko huziandika hesabu za jela zake na kuzitangaza, na wakaguzi wake huziingia jela hizo mara nyingi bila ya kutoa habari kwanza, kisha wakaandika waliyoyaona. Ya pili, Waislamu wa nchi hiyo, ambao miongoni mwao wamo jamaa zetu waliohamia kutoka Afrika ya Mashariki, wanahusika mno na jambo hili. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, Waislamu walikuwa asilimia 6.5 ya watu wote wa England na Wales. Lakini ndani ya jela za huko, katika kila wafungwa 100 hupatikana kiasi cha 18 walio Waislamu. Sababu za tofauti hiyo ni somo jingine. Leo yatosha kujua kwamba wanaofungiwa humo ni wana wa wazee kama sisi.

Mwaka 1990 wafungwa wa jela ya Strangeways mjini Manchester waliasi, wakapanda juu ya mapaa, na fitina ile ikaendelea kwa siku 25. Jaji Woolf alipewa kazi ya kuchunguza, akatoa ripoti yake mwaka 1991. Alieleza ya kuwa jela husimama juu ya nguzo tatu: kuwazuia wafungwa wasitoroke, kuwaongoza kwa nidhamu, na kuwatendea haki, na kwamba nguzo hizi hazina budi kuwa sawasawa, maana moja ikilegea nyumba nzima huinama. Somo hili lilikuwa wazi, lakini halikukaa vifuani mwa watu muda mrefu.

Kuanzia mwaka 2010 serikali ya Uingereza ilikuwa inapunguza matumizi yake. Askari wa jela za England na Wales, waliokuwa karibu 25,000 mwaka ule, walishuka hata wakawa karibu 18,000 mwaka 2014. Zaidi ya robo yao waliondoka. Wengi katika walioondoka walikuwa wazee wa kazi, wajuao kwa kutazama uso tu kwamba leo katika bweni fulani kuna shari inapikwa. Na wafungwa je, nao walipungua? La. Walikuwa kiasi cha 85,000 kabla, na kiasi hicho hicho baadaye.

Matokeo yake yaliandikwa na serikali yenyewe. Mwaka 2012 wafungwa walijidhuru kwa mikono yao karibu mara 23,000. Mwaka 2016 ilikuwa zaidi ya mara 40,000. Askari walipigwa mara zisizofika 3,000 mwaka 2012. Mwaka 2016 walipigwa zaidi ya mara 6,800. Na katika mwaka huo wa 2016 watu karibu 120 walijiua ndani ya jela, idadi ambayo haikupata kuonekana tangu hesabu hizo zianze kuwekwa mwaka 1978.

Twapenda kuwa waadilifu katika maneno yetu. Uchache wa askari haukuwa sababu pekee. Katika miaka hiyo hiyo zilienea jelani dawa mpya za kulevya zilizotengenezwa kwa kemikali, nazo ziliwatia watu wazimu na madeni. Lakini jamani, dawa huingia kwa mlango gani? Huingia pale pasipo na macho. Na deni la dawa hudaiwa wapi kwa ngumi na kisu? Hudaiwa pale pasipo na mtu wa kukimbiliwa. Maradhi yalikuwa mawili, ila moja lilimfungulia mlenzake njia.

Jela ya Birmingham ni ushahidi mkubwa. Jela hiyo ilitolewa mikononi mwa serikali mwaka 2011 ikapewa kampuni ya G4S kuiendesha. Tarehe 16 Desemba mwaka 2016 wafungwa walimpokonya askari mmoja funguo zake, na katika muda mfupi mabweni manne yakawa mikononi mwao. Iliwachukua askari wa kuzima ghasia zaidi ya saa 12 kuyarudisha, na wafungwa wapatao 240 wakahamishiwa jela nyingine. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulieleza ya kuwa askari walikuwa wamechoka kwa upungufu wa muda mrefu, na kwamba kwa sehemu kubwa ya wakati wafungwa ndio waliokuwa wakijilinda wenyewe. Mwezi wa Agosti mwaka 2018 Mkaguzi Mkuu wa Magereza alirudi huko, akakuta hali mbaya hata serikali ikalazimika kuichukua tena jela ile mikononi mwake.

Neno hili, wafungwa kujilinda wenyewe, halihitaji kufasiriwa kwa watu wa Afrika ya Mashariki. Sisi tunalo neno letu, nalo ni mnyapara. Kila aliyepata kusikia habari za jela amesikia habari za mnyapara: mfungwa mwenye nguvu au mwenye kifungo kirefu, apewaye amri juu ya wenzake. Askari wakiwa wachache, mnyapara huwa ndiye sirikali. Ndiye aamuaye nani alale karibu na dirisha na nani alale karibu na choo, nani ashibe na nani abaki na njaa. Mfungwa mgeni, aliyeingia kwa kosa la kuiba kuku, hujifunza siku ya kwanza kwamba sheria iliyomleta pale haimo ndani, na kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Hilo ndilo darasa asomalo, na atakapotoka atatoka nalo. Kwa ajili hii kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya kuwatendea wafungwa, zilizowekwa kwanza mwaka 1955 na kutengenezwa upya mwaka 2015 kwa jina la Nelson Mandela, zakataza mfungwa yeyote kupewa kazi ya kuwatia adabu wafungwa wenziwe.

Wako wasemao: "Askari wakiwa wengi watawabana wafungwa, na wakiwa wachache wafungwa watapata uhuru." Mambo ni kinyume cha hivyo. Mfungwa dhaifu hana adui mkubwa kuliko jela isiyo na askari. Naye askari aliye peke yake kati ya watu 60 au zaidi ana hofu, na mwenye hofu hana subira. Hupiga kelele mahali ambapo angalisema kwa upole, na hufunga mlango mahali ambapo angaliuacha wazi. Hata wema wake hauna nafasi. Mfungwa akimwambia, "Bwana, barua ya mama yangu haijafika," askari hujibu, "Baadaye," naye asema kweli kwamba hana wakati. Lakini ile baadaye haifiki, na chuki huanza hapo, katika jambo dogo kama barua.

Serikali ya Uingereza iliona makosa. Mwishoni mwa mwaka 2016 iliahidi kuongeza askari 2,500, na ahadi hiyo ilitimizwa mwaka 2018. Tena ikaweka mpango mzuri: kila askari awe na wafungwa kiasi cha sita walio chini ya uangalizi wake, na kila mmoja amkalishe chini dakika 45 kwa juma, amwulize hali yake, ajue habari za jamaa zake na makusudio yake. Twausifu mpango huu kwa sababu waliouweka walikuwa wamefahamu kwamba mtu hatengenei mpaka apatikane mtu wa kumjua. Lakini wakaguzi wameandika mara kwa mara kwamba katika jela nyingi mazungumzo hayo hayafanyiki, au hufanyika kwa nadra, kwa kuwa askari hawatoshi. Watu wapya huandikwa, na wengi wao huiacha kazi kabla hawajatimiza miaka michache. Hivyo wageni hufundishwa na wageni. Idadi pekee si dawa. Ujuzi hauandikwi kazini kwa mwezi mmoja. Nchini Norway askari wa jela husomeshwa miaka miwili kabla ya kukabidhiwa kazi yake.

Na kama wataka kujua hali hii yafikia wapi, tazama jela ya Wandsworth, mjini London, iliyojengwa mwaka 1851. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 mfungwa mmoja alitoroka akiwa amejifunga chini ya gari la chakula. Siku ile karibu asilimia 40 ya askari waliotazamiwa hawakuwako kazini. Serikali ilisema kwamba waliokuwako walitosha kwa kiasi cha chini kilichowekwa. Lakini wakaguzi walipoingia mwaka 2024 walikuta jela imejaa kupita kadiri, wafungwa wengi wanafungiwa zaidi ya saa 22 kwa siku, na askari hawawezi kusema kwa hakika kila mfungwa yuko wapi. Watu saba walikuwa wamejiua humo katika muda wa miezi 12. Mtu mmoja aliyetoroka aliandikwa katika magazeti ya dunia nzima. Wale saba ni nani aliyewaandika?

Sasa tuje kwetu sisi Waislamu. Habari za jela si ngeni katika dini yetu. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alitiwa gerezani bila ya kosa, na wenziwe wawili walimwendea kwa sababu walimwona kuwa ni katika watu wema. Naye hakuwajibu ndoto zao tu, bali alianza kwa kuwafundisha. Mtu mwema mmoja aligeuza gereza likawa darasa.

Wanavyuoni wetu nao hawakulisahau jambo hili. Kadhi Mkuu Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, alimwandikia Khalifa Harun al-Rashid kitabu juu ya kodi na mali ya dola, na ndani yake akaweka mlango juu ya wafungwa. Yeye alikuwa na sababu ya kuyajua haya, maana wengi wamepokea kwamba mwalimu wake Abu Hanifa alifia kifungoni Baghdad mwaka 150 Hijriya. Abu Yusuf alieleza kwamba haifai wafungwa kutolewa nje na minyororo yao ili waombe sadaka. Wapewe posho katika hazina, kila mtu dirhamu kumi kwa mwezi, na nguo za kipupwe na nguo za kiangazi. Kisha akaongeza jambo la busara kubwa. Alisema wasipewe mikate, kwa kuwa walinzi wataichukua. Bali ateuliwe mtu wa kheri, aandike majina ya wafungwa wote, na kila mwezi aketi, amwite mmoja mmoja kwa jina lake, na ampe haki yake mkononi.

Zingatieni sana maneno haya. Zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, kadhi huyu alijua ya kuwa mali peke yake haitoshi na amri peke yake haitoshi. Pasipo na mtu mwaminifu wa kuketi na kuita majina, haki ya mfungwa hupotea njiani baina ya hazina na mkono wake. Na katika kitabu hicho hicho amepokea kwamba Khalifa Umar bin Abdul-Aziz aliwaandikia maliwali wake wasimfunge Mwislamu kwa pingu zitakazomzuia kuswali kwa kusimama. Kumbe hata sala ya mfungwa ni amana ya yule aliyeshika funguo.

Na leo ni hivyo hivyo. Imamu wa jela aweza kufika siku ya Ijumaa na hotuba yake tayari, lakini wafungwa mia hawawezi kukusanyika pasipo na askari wa kuwatoa vyumbani na kuwasimamia. Kijana anayetaka kutubu, anayetaka kujifunza alifu na be, hamfikii mwalimu wake ila kwa hatua za askari.

Twajua kwamba baadhi ya wasomaji watauliza: "Kwa nini mali itumike kwa waovu, ilhali wako watu wema wasio na dawa hospitali?" Swali hili ni la haki, na jibu lake ni hili. Huko Uingereza, katika wale waliofungwa kwa muda usiofika mwaka mmoja, zaidi ya nusu hurudia makosa kabla ya kupita mwaka tangu kutoka kwao. Kila mmoja katika hao humwacha mtu aliyeibiwa au aliyepigwa, na huyo aliyepigwa ndiye yule mtu mwema aliye hospitali. Mali iliyozuiliwa mlangoni mwa jela hulipwa barabarani, tena kwa damu. Na kama serikali haina uwezo wa kuongeza askari, basi na ipunguze kuwatia jela watu wa makosa madogo, ambao wangaliweza kutozwa faini au kupewa kazi za mji. Kufunga wengi na kulinda kwa wachache ni kudanganya pande zote mbili.

Nasi wa majumbani tunalo letu la kufanya. Serikali ya Uingereza ilichunguza jambo hili, na Lord Farmer akalitaja katika ripoti yake ya mwaka 2017: wafungwa waliotembelewa na jamaa zao walikuwa na uchache wa asilimia 39 wa kurudia makosa kuliko wale wasiotembelewa. Askari hawezi kuwa mama, wala hawezi kuwa ndugu. Kwa hivyo mwenye mwana kifungoni asimkate kwa sababu ya aibu. Aende kumtazama, na asipoweza aandike barua. Misikiti yetu nayo na iwe na watu wa kwenda jelani kwa idhini, kusomesha na kufariji, na iwe na watu wa kumpokea atokaye, wakamtafutia kazi kabla wenziwe wa zamani hawajamtafuta. Na enyi vijana mnaotafuta kazi, msiidharau kazi ya askari wa jela. Mwenye kuifanya kwa ucha Mungu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Na jela yenye watu wa namna hiyo wa kutosha ni kheri kwa mji mzima.

Yule mwenziwe Nabii Yusuf aliyefunguliwa aliombwa na Yusuf amtaje mbele ya bwana wake, kisha akasahau, na Yusuf akabaki gerezani miaka kadhaa. Kusahau huku ni maradhi ya zamani, na dawa yake ni kuuliza. Anayetaka kujua habari za jela ya mji wake na aulize: askari wangapi, kwa wafungwa wangapi, na darasa limefunguliwa mara ngapi mwezi huu? Mwenyezi Mungu atupe huruma kwa waliofungwa, na awape nguvu na uadilifu wale waliowekwa kuwalinda. Amin.